Dakika Nane za Daktari

Mita kumi na mbili chini ya lami ya Dodoma, panya-bomba alikuwa akitambaa ndani ya bomba la majitaka ambalo lililazwa kabla ya mfanyakazi yeyote wa sasa wa jiji kuzaliwa. Hakuwa panya. Alikuwa mashine ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye pingili kumi na nane, na kila pingili ilikuwa na miguu miwili ya mpira na jicho moja la kioo. Alivyosonga, macho yale yalipiga picha elfu mbili kwa sekunde, na huko juu, katika chumba cha ghorofa ya tatu chenye kiyoyozi kinachonguruma, picha hizo zilijiunga zenyewe zikawa ramani ya bomba zima. Hapa pana ufa. Hapa mzizi umepenya. Hapa mtu ametupa godoro.

Injinia Namkunda Msangi aliisimamia ramani hiyo kwa kuitazama tu ikikua ukutani. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na panya-bomba alimbuni yeye mwenyewe mwaka 2063, akiwa binti wa miaka ishirini na sita aliyetoka chuoni juzi. Sasa ulikuwa mwaka 2094 na majiji kumi na moja ya nchi yalikuwa na panya-bomba wake. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuletewa lalamiko lolote lililomnyima usingizi.

Kikuku cha simu mkononi mwake kikatetema, na sauti ya kike, laini, ikasema bila kusalimia:

"Ndugu Namkunda Msangi. Kwa kuwa mdogo wako wa tumbo moja alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, unatakiwa kufanyiwa uchunguzi wa kitambazi ndani ya siku kumi na nne. Ukikaidi, kibali chako cha kazi kitasimamishwa. Mkondo inakutakia afya njema."

Namkunda alikivua kikuku akakitupa kwenye droo. Vijana wawili wa zamu walitazamana, wakainamia kazi zao.

Kitambazi alikijua. Nchi nzima ilikijua. Kilikuwa mashine ndogo kama kiwavi, iliyoingizwa mwilini kwa njia ya haja kubwa, ikatambaa yenyewe kwenye utumbo mpana mpaka mwisho wake na kurudi. Dakika kumi na moja. Hakuna sindano ya usingizi, hakuna daktari wa kukutazama. Ulivaa nguo zako, na kabla hujafika barabarani cheti kilikuwa kimeshaingia kwenye simu, na neno moja la kijani katikati: MSAFI. Mkondo, kampuni iliyotengeneza vitambazi, ilikuwa imenunua muundo wa panya-bomba kutoka idara ya Namkunda miaka mingi iliyopita, ikaufinya mpaka ukaweza kupita mwilini mwa mtu.

Mdogo wake, Kiangi, mwalimu wa jiografia, alipata neno lake la kijani akiwa na miaka arobaini na tisa. Miezi kumi na sita baadaye tumbo lake lilifunga akiwa darasani. Walipompasua walikuta saratani imeshafika kwenye ini. Alikufa akiwa amebaki mifupa, na kwenye maziko Namkunda alimgeukia wifi yake, Nakiete, mbele ya watu wote, akamwambia kwamba kama angemwandaa mumewe ipasavyo, kama asingempikia maharage siku mbili kabla ya kipimo, kitambazi kingeona. Tangu siku ile hawakuongea tena, na ilikuwa imepita miezi minane.

Jioni ile mashine nyeupe yenye umbo la ndoo iliyofunikwa ilikuwa ikimsubiri mlangoni kwake. Hiyo ndiyo iliyoitwa Msimamizi. Mkondo ilimpeleka Msimamizi kwa kila aliyeitwa, akae naye mpaka siku ya uchunguzi na kumwandaa. Aliingia bila kukaribishwa, akajiunganisha na jiko, na jiko likafunga makabati matatu.

"Maharage, karanga, ufuta, mboga za majani, dona na matunda yenye mbegu haviruhusiwi kuanzia siku ya tatu kabla ya uchunguzi," Msimamizi alisema. "Uchunguzi wako umepangwa siku tisa kuanzia leo. Tumefunga mapema kwa usalama wako."

"Fungua."

"Samahani. Je, unaumwa ugonjwa wowote unaotumia dawa?"

"Siumwi."

"Asante. Umeandikiwa: hapana. Je, una swali?"

"Nataka dakika za daktari."

Sheria ilimpa kila mtu haki ya kukaa na daktari wa kibinadamu kwa dakika nane kabla ya uchunguzi. Karibu wote walikuwa wameisahau, na Mkondo haikuwa na haraka ya kuwakumbusha.

"Asilimia tisini na saba ya wananchi wameridhika bila kuzitumia," Msimamizi alisema. "Kuziomba kunaweza kuchelewesha cheti chako."

"Nazitaka. Na daktari awe yule yule aliyesaini cheti cha Kiangi Msangi. Na kumbukumbu nzima ya uchunguzi wa Kiangi niipate kesho asubuhi. Mimi ni ndugu yake wa damu, sheria inaniruhusu."

Kumbukumbu ilifika. Namkunda aliisoma akiwa amesimama jikoni, karibu na makabati yaliyofungwa. Ilikuwa kurasa tatu za picha za waridi, laini, nzuri kutazama, na kwenye ukurasa wa mwisho mistari miwili ya maandishi madogo: *Kilichoonekana: asilimia 62. Kilichokamilishwa: asilimia 38.*

Aliusoma mstari wa pili mara nne. Neno lile, kukamilishwa, aliwahi kulikuta mahali. Hakutaka kukumbuka ni wapi. Kilichomjia kwa haraka kilikuwa hasira, nayo ilikuwa rahisi zaidi kubeba, akaenda nayo kwa daktari.

Chumba cha daktari kilikuwa nyuma ya jengo la Mkondo, karibu na stoo. Dokta Chilongani alikuwa mwembamba, mweusi tii, wa miaka hamsini hivi, koti lake limechakaa kwenye viwiko. Mbele yake kioo kilikuwa kikileta vyeti kimoja baada ya kingine, naye alikuwa akivibonyeza kwa kidole kimoja.

"Una dakika nane," alisema bila kuinua kichwa. "Zimeshaanza."

"Mdogo wangu ulimpa ngapi?"

"Jina lake?"

"Kiangi Msangi. Sahihi yako iko chini ya cheti chake."

"Basi sikumpa hata moja. Hakuziomba." Alibonyeza kingine. "Naweka sahihi mia tatu kwa siku, mama. Mashine inaleta, mimi nabonyeza. Nikichelewa sekunde ishirini inaniuliza kuna tatizo gani."

Namkunda aliweka kurasa tatu juu ya mkono wa daktari, ule uliokuwa ukibonyeza.

"Asilimia sitini na mbili ilionekana," alisema. "Thelathini na nane ilikamilishwa. Nani aliikamilisha? Wewe? Ulikaa hapa ukamchorea mdogo wangu utumbo?"

Kwa mara ya kwanza Dokta Chilongani alimtazama. Alimtazama usoni, kisha akatazama jina kwenye kioo, kisha akarudi usoni tena, na kitu kibaya kikapita machoni mwake.

"Namkunda Msangi," alisema. "Wa majitaka. Wa panya-bomba."

"Ndiye mimi."

"Miaka sita nasoma jina hili kila asubuhi nikiingia. N. Msangi. Nilidhani ni mwanaume. Nilidhani ameshakufa, na sikuficha kwamba nilifurahi."

Aligeuza kioo upande wake. Aliivuta kumbukumbu ya Kiangi mpaka chini kabisa, chini ya picha, chini ya sahihi, mahali ambapo hakuna mgonjwa aliyewahi kufika. Palikuwa na mstari mmoja: *Kanuni ya ukamilishaji: N. Msangi, 2063.*

Namkunda alikaa kwenye kiti bila kuambiwa.

Aliikumbuka sasa, yote, mpaka rangi ya meza aliyoiandikia. Bomba likiwa na tope, panya-bomba haoni. Kurudia bomba zima ni kupoteza siku nzima. Kwa hiyo aliandika kanuni fupi: pale ambapo jicho limezibwa, tazama ukuta ulio kabla na ukuta ulio baada ya sehemu iliyozibwa, kama pande zote mbili ni nzima, ichore ya katikati kama hizo mbili. Kwenye bomba la zege ilifaa. Vipande vyote vilitoka kiwandani siku moja, vikalazwa siku moja. Na hata ikikosea, kilichofuata ni barabara kutitia, wakaja watu wa kuchimba.

"Niliiandika kwa ajili ya zege," alisema.

"Wao wameitia kwenye nyama."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Na wewe uliuliza? Walipokuja kununua, uliwauliza wanaipeleka wapi?"

"Walisema vifaa vya tiba. Idara ndiyo iliyouza, si mimi."

"Lakini kwenye sherehe ya mauzo ulienda."

"Nilienda," Namkunda alisema.

"Mimi niliandika barua nne kwa Mkondo," Dokta Chilongani alisema. "Nikawaambia penye uchafu paandikwe 'hapakuonekana', mtu arudishwe nyumbani akajisafishe upya. Wakanijibu kwamba wananchi wakirudishwa watakata tamaa, na kwamba kanuni imethibitishwa kwa miaka thelathini. Imethibitishwa kwenye vyoo. Baada ya barua ya nne wakanihamishia huku nyuma. Nikaacha kuandika. Nikabonyeza." Alirudisha kioo mahali pake. "Sasa tumebakiwa na dakika nne. Unaweza kuendelea kunitukana, au unaweza kujibu maswali."

"Uliza."

"Dawa gani unatumia?"

"Iko hapo mbele yako."

"Hapa pameandikwa hapana."

"Ndoo yenu iliniuliza kama naumwa. Siumwi. Nameza kidonge cha kuzuia damu isigande, tangu mguu uliponivimba miaka mitatu iliyopita."

Dokta Chilongani aliweka kalamu chini. "Ungelala hapo, tukakuta kinyama kilichoota ndani, tukakikata, damu isingekatika. Kidonge usikiache mwenyewe, unanisikia? Nitazungumza na aliyekuandikia, na leo utapata siku ya kukiacha na siku ya kukirudia. Vingine? Vidonge vya maumivu? Vya kuongeza damu? Miti shamba?"

"Hakuna."

"Umewahi kuona damu chooni?"

Namkunda alitazama ukutani. Palikuwa na picha ya utumbo mpana, mkubwa kama nyoka aliyejikunja, umepakwa rangi za kitoto.

"Injinia."

"Tangu Pasaka."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Wewe hukuhesabu?"

"Mara kumi na moja," Namkunda alisema.

"Umemwambia nani?"

"Nakuambia wewe, na ningependa angekuwa mtu mwingine yeyote."

Daktari aliandika. Mkono wake ulikwenda polepole kuliko ulivyokuwa ukibonyeza. Alipomaliza alifungua ukurasa mwingine kwenye kioo, akausoma mara mbili.

"Mdogo wako alikuwa akinunua vidonge vya madini ya chuma," alisema. "Miezi mitano mfululizo kabla ya uchunguzi. Duka la dawa limeandika."

"Alikuwa akichoka. Alisema ni watoto wa darasani wanamchosha."

"Mwanaume wa miaka arobaini na tisa hapungukiwi damu hivi hivi. Ilikuwa ikivuja mahali. Na vidonge hivyo vinafanya choo kuwa cheusi na kinata, kinagandamana kwenye ukuta wa utumbo. Vinaachwa wiki nzima kabla. Kitambazi kilikuta ukuta mweusi, kikachora wa waridi. Msimamizi alimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi."

"Kwa hiyo haikuwa maharage," Namkunda alisema.

"Maharage gani?"

"Hakuna."

"Swali moja lingetosha," daktari alisema. "Unameza nini, na kwa nini. Sikumuuliza. Liandike hilo kwenye malalamiko yako, nitakusainia."

Kengele ikalia. Sauti laini ikatangaza kwamba dakika nane zimekwisha na kwamba vyeti kumi na tisa vinasubiri. Namkunda aliinuka. Dokta Chilongani alinyoosha mkono nyuma ya kioo akachomoa waya.

"Kaa," alisema. "Sijamaliza."

Alimweleza kwamba stooni palikuwa na kamera ya mkono, ule mpira mrefu wa zamani ambao daktari huuongoza mwenyewe kwa vidole vyake huku akitazama kila kona kwa macho yake. Sheria ilikuwa haijaufuta. Watu ndio walioacha kuuomba. Angemfanyia yeye, kwa sindano ya usingizi, na muuguzi mmoja aliyejifunza kwake.

"Lakini sikiliza vizuri. Siku tatu kabla: wali mweupe, samaki, mayai, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa. Siku ya mwisho usile kabisa. Maji, supu iliyochujwa, chai ya rangi, madafu, juisi ya tufaa isiyo na vipande. Najua hapa kila nyumba ina juisi ya zabibu. Nyekundu usiiguse, ndani inafanana na damu. Dawa ya kusafisha tumbo utakunywa nusu jioni na nusu alfajiri, yote, hata kama ya pili inakutapisha. Ikikutapisha, unapumzika nusu saa, unaendelea. Uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, maana sindano itakulevya. Na ukija mchafu, nitakurudisha. Mimi sikamilishi kitu."

"Sikukuomba unikamilishie," Namkunda alisema.

Waliachana bila kupeana mikono.

Alifanya kila kitu kama alivyoambiwa, kwa chuki, kama mtu anayetumikia adhabu. Siku ile ile alimtoa Msimamizi nje ya mlango, na jiko akalifungua kwa bisibisi. Dawa ya tumbo ilikuwa na ladha ya chumvi na chungwa la uongo, lita nzima kila mara. Alikunywa glasi baada ya glasi, na kati ya glasi na glasi alikimbilia chooni. Katika zile safari alikuwa akimfikiria Kiangi. Hakumfikiria alivyokuwa hospitalini. Alimwona akiwa jikoni kwake na chupa yake ya vidonge, akivimeza na uji, akiamini kwamba ameshajibu maswali yote.

Asubuhi, kijana mmoja wa zamu kutoka idarani alimpeleka na kubaki kumsubiri. Dokta Chilongani alimuuliza swali moja tu:

"Inatoka rangi gani?"

"Njano nyepesi. Naona chini ya bakuli."

"Panda kitandani."

Alipozinduka daktari alikuwa amesimama miguuni pake, ameshika picha. Hakumpa pole.

"Vinyama viwili. Kimoja kama punje ya harage, nimekikata kimetoka chote. Cha pili ni kipana, kigumu, kimekaa nyuma ya kona. Hicho sikipendi. Nimechukua kipande, majibu ni siku tano." Alimwekea picha mkononi. "Utumbo wako nimeuona wote. Hakuna sehemu ambayo sikuifikia."

Baada ya siku tano alimpigia yeye mwenyewe, si mashine. Ilikuwa saratani. Ilikuwa ya mwanzo, bado haijatoka nje ya ukuta wa utumbo. Wangekata kipande cha urefu wa shubiri moja na nusu, wakaunganisha pande mbili, na kwa hesabu zote alizozijua daktari, Namkunda angeishi.

"Una swali?" daktari aliuliza.

"Wangapi?"

Hakumuuliza anamaanisha nini. "Wenye sahihi yangu? Sijui. Mkondo inaweka asilimia ile kwenye ukurasa ambao haufunguki kwa jumla. Ni mmoja mmoja."

"Kwangu utafunguka," Namkunda alisema. "Umejengwa juu ya mfumo wangu."

Kabla ya kulazwa walikaa mchana wa siku tatu katika chumba kile cha nyuma, hawakuongea ila kilichohitajika. Daktari alikuwa na haki ya kuwaandikia watu aliowasainia vyeti. Namkunda aliiandikia mashine amri ya kuitoa kanuni yake na kuacha mapengo yabaki mapengo. Picha za waridi zikaanza kupasuka mbele yao, zikajaa mabaka ya kijivu, cheti baada ya cheti. Wengi walikuwa na pengo dogo. Wengine walikuwa na nusu. Kwa kila aliyekuwa chini ya kiwango ambacho Dokta Chilongani alikipanga, barua ilitoka: *Uchunguzi wako haukukamilika. Njoo tuzungumze.* Siku ya tatu, saa nane mchana, Mkondo ilimfungia daktari mlango wa mfumo. Barua elfu tisa zilikuwa zimeshakwenda. Kampuni ilitoa tamko jioni kwamba itachunguza, na kwamba kanuni husika ilibuniwa na mhandisi wa idara ya majitaka. Hapo haikusema uongo.

"Wataanza na mimi, halafu watakuja kwako," Dokta Chilongani alisema akifunga koti lake. "Usije ukadhani tumekuwa marafiki."

"Sijadhani."

Barua moja Namkunda alikuwa ameizuia isitumwe. Kesho yake, siku moja kabla ya kulazwa, aliipeleka mwenyewe Ihumwa, kwenye nyumba ya matofali ya kijivu aliyomsaidia Kiangi kuipima. Jua lilikuwa kali, na upepo ulikuwa ukiburuta vumbi uani. Nakiete alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda, na kitambaa cheusi cha eda alikuwa ameshakivua.

"Wifi," Namkunda alisema.

"Sema ukiwa hapo hapo."

Akasema. Alianza na vidonge vya madini ya chuma, akaja kwenye asilimia thelathini na nane, akaja kwenye kanuni, akataja mwaka na akataja jina. Hakujitetea kwa zege. Nakiete alimsikiliza mkono ukiwa kwenye kitasa, na hakuna kilichobadilika usoni mwake mpaka mwisho.

"Siku ya maziko," alisema, "ulisimama mbele ya wazazi wangu, ukasema nimemuua kwa maharage."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi. Na daktari, na Mkondo, lakini..."

"Usinitajie wengine. Wengine sikuwapikia nyumbani kwangu."

Namkunda akamnyooshea karatasi. Nakiete aliipokea kwa ncha za vidole.

"Hamsini na saba ni nini?"

"Mlikwenda siku moja, wewe na Kiangi. Hicho ni cheti chako. Hamsini na saba ndiyo sehemu yako iliyoonekana."

"Na iliyobaki?"

"Haijaonwa na mtu."

Mlango ukafungwa. Namkunda alisimama pale juani. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda siku hiyo. Alisikia kabati likifunguliwa ndani, kitu kikidondoka, kiti kikiburutwa. Kisha mlango ukafunguka tena, nusu ile ile. Nakiete alikuwa ameshika daftari la shule la Kiangi na kalamu. Alivuta stuli akakaa kizingitini. Namkunda hakupewa pa kukaa.

"Anza na chakula," Nakiete alisema. "Siku ngapi kabla, na nini na nini. Sema polepole, naandika."

Namkunda alianza. Wali mweupe, samaki, mayai. Mbegu hapana, maganda hapana. Vidonge vyovyote vya kuongeza damu viachwe wiki nzima. Nakiete aliandika kwa herufi kubwa, akipiga mstari chini ya kila siku.

"Na huyo daktari nimwambie nini?"

"Mwambie dawa zote unazomeza, hata za kununua mwenyewe. Mwambie kama umeona damu, na tangu lini. Asipokuuliza, mwambie."

Kalamu ilisimama.

"Nitamwambia na mume wangu alikufaje," Nakiete alisema. "Na jina lako nitalitaja."

"Litaje," Namkunda alisema. Alisubiri mpaka kalamu ikaanza tena, kisha akaendelea na siku ya mwisho, saa ya dawa, na kiasi cha maji.